Mpwa wangu anacheza futibo ya chuo Marekani: abaki alipo, ahamie chuo kikubwa, au aachane na habari za NFL?

MjombaTwinCities
Wakuu habari zenu. Nina jambo la familia naomba mnisaidie kabla ya Januari maana ndipo dirisha la potali ya uhamisho (mfumo ambao wachezaji wa chuo wanajiandikisha wakitaka kuhama) linapofunguliwa na dada yangu ananipigia simu kila jioni kuniuliza tumefikia wapi. Mtoto wake anacheza futibo ya Kimarekani chuoni, ngazi ya FCS (ya pili, ya vyuo vidogo), ana skolashipu kamili na anaanza kila mechi. Kuna mtu ametuletea habari kwamba chuo kikubwa cha FBS, ile ngazi ya juu kabisa, kinamtaka. Kwa hiyo njia ziko tatu: abaki, ahame, au amalize tu digrii yake ya uhandisi asahau mambo ya NFL, ligi ya kulipwa. Wenye uzoefu, ipi ina nafasi nzuri zaidi ya kumfikisha? Dogo ana kipaji kwa kweli.

kocha_wa_jioni
Mkuu umeandika vizuri ila mambo yenyewe hujayaandika. Anacheza namba gani? Urefu? Uzito? Mwaka wa ngapi? Amecheza mechi ngapi mfululizo bila kuumia? Kipaji wanacho wote, hata wale waliokaa benchi msimu mzima wana kipaji.

KisumuColumbus
Hata mimi niko na swali. Huyo dogo ako na grini kadi ama yuko kwa viza ya F-1? Hiyo ni muhimu kuliko unavyofikiria. Kama ni F-1 zile pesa za jina na picha zinazolipwa wachezaji tangu 2021 zitamletea shida kwa sababu mwanafunzi wa viza haruhusiwi kufanya kazi hivi hivi. Na huyo "mtu" aliyewaletea habari ni nani? Makocha hawaruhusiwi kuongea na mchezaji ambaye bado hajaingia potali.

MjombaTwinCities
Samahani wakuu nilikuwa kazini zamu ya usiku. Majibu: anacheza difensi endi, wale wa pembeni wanaomkimbilia kwotabeki, yule mrusha mpira. Futi 6 na inchi 3, pauni 238. Yuko mwaka wa tatu. Msimu huu ana saki 6 na nusu, yaani kumwangusha kwotabeki kabla hajarusha. Ana grini kadi, alikuja na umri wa miaka 9. Mbio za yadi 40 anasema ni sekunde 4.7 lakini hajapimwa rasmi. Huyo mtu anasema yeye ni wakala anafahamiana na kocha mmoja wa hapo.

kocha_wa_jioni
Sasa tunaongea. Mimi nimefundisha safu ya ulinzi hai skuli miaka kadhaa kwa hiyo nitasema ninachokiona. Kwanza hesabu, ili dada asije akadanganywa. Wachezaji wa futibo kwenye vyuo vyote vya NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo, wanazidi elfu 70. Drafti, pale timu za NFL zinapochagua wachezaji wa vyuo kwa zamu, ina raundi 7 na mwaka 2025 walichaguliwa 257 tu, na kati ya hao 79 walitoka konferensi moja (kundi la vyuo vinavyoshindana pamoja), SEC. NCAA wenyewe wanakadiria kwamba katika wale wanaofikia kustahili drafti, wanaoingia NFL ni kama asilimia 1.6. Hapo hujahesabu wanaoingia kisha wanakatwa Agosti timu zinapopunguza watu mpaka 53.

Pili mwili wake. Pauni 238 kwa mtu wa pembeni ni nyepesi. Timu nyingi zinataka zaidi ya 250, vinginevyo watamwambia ageuke lainibeka, yule anayesimama nyuma ya safu ya mbele ya ulinzi, na lainibeka anatakiwa kujua kukaba watu wanaokimbilia pasi, kazi ambayo hajawahi kuifanya. Tatu na hili ndilo watu hawaulizi: mikono. Mpimeni mikono. Mkono mfupi kuliko inchi 33 skauti (mtafuta vipaji wa timu) anaanza kukunja uso, kwa sababu yule jitu wa ofensi, upande wenye mpira, akikushika kifuani kabla hujamshika umekwisha.

LubumbashiLouisville
Bandugu jambo. Miye nasema ahame, tena asichelewe. Muangalie Cam Ward. Alianza Incarnate Word, chuo kidogo cha FCS kule San Antonio, akaenda Washington State, akaenda Miami, na 2025 Tennessee Titans wakamchukua namba 1 kabisa. Angebaki Incarnate Word mngemjua? Travis Hunter naye alianza Jackson State akaenda Colorado, namba 2 drafti hiyo hiyo. Skauti wanataka kukuona ukicheza na wanaume wakubwa, siyo na watoto wa chuo cha pembeni.

KisumuColumbus
Huyo Ward ni mmoja bro, na ni kwotabeki. Usichukue mtu wa kipekee ukafanya kanuni. Mimi nasema abaki. Difensi endi akipata saki popote pale ataonekana, filamu zote skauti wanaziona siku hizi. Jared Allen alitoka Idaho State, akachaguliwa raundi ya 4 mwaka 2004, akamaliza na saki 136 na sasa yuko Hall of Fame, orodha ya heshima ya magwiji. Robert Mathis alitoka Alabama A&M, raundi ya 5 mwaka 2003, na mwili wake ulikuwa karibu sawa na huyu dogo, futi 6 na inchi 2 na uzito wa kwenye 235. Walimwambia ni mdogo sana. Mwaka 2013 aliongoza ligi nzima kwa saki 19 na nusu.

Na wewe Mjomba uko Minnesota, hapo Mankato ndipo alipotoka Adam Thielen, Division II (ngazi iliyo chini ya FCS), hakuchaguliwa hata kidogo, akaenda kwa majaribio ya Vikings, timu ya NFL ya hapo Minnesota, akabaki miaka.

LubumbashiLouisville
Unanikataza mtu mmoja halafu wewe unaleta watatu wa kipekee. Sasa tofauti ni nini?

KisumuColumbus
Tofauti ni wawili wao walicheza namba yake.

mama_wa_wawili_TX
Nimesoma nikaona nisinyamaze. Kijana wangu alipita njia hiyo hiyo ya kuhama na nataka Mjomba amwambie dada yake yote, asimfiche.

Alikuwa lainibeka chuo kidogo, anaanza, kila mtu anamjua, walimu wanamjua. Akaingia potali Januari. Kitu cha kwanza ambacho hakuna aliyetuambia: ukishaingia potali chuo chako cha zamani kinaweza kukuondolea skolashipu muhula ukiisha, hata kama huko unakotaka kwenda hawajakupa jibu. Tulikaa wiki tatu sijalala vizuri. Wakampokea chuo kikubwa, sitakitaja. Kocha aliyemwita alikuwa mtu mwema, alikuja mpaka nyumbani akala pilau yangu, akasema mama nitamtunza. Machi kocha yule akapata kazi sehemu nyingine akaondoka. Aliyekuja badala yake alikuja na vijana wake aliokuwa nao kule alikotoka, wawili wa namba ile ile. Mwanangu akawa wa nne kwenye orodha.

Sasa ukiwa wa nne unacheza wapi? Unacheza kwenye mpira wa kuanzia, ule wa mateke, unakimbia yadi hamsini unamgonga mtu anayekuja kwa kasi kama yako. Mechi ya tano goti likakatika ligamenti. Upasuaji, miezi tisa. Na huku darasani ndiko kuliniuma zaidi, kwa sababu kredit 21 alizokuwa amezisoma hawakuzipokea kwenye programu yao, kwa hiyo mtoto ambaye alitakiwa kumaliza mwaka ule akawa amerudi nyuma karibu mwaka mzima, na mwaka uliofuata hawakumuongezea ufadhili. Mwaka wa mwisho tulilipa wenyewe, baba yake akafanya kazi mbili. Amemaliza, Mungu ni mwema, ana kazi. Lakini hakucheza plei hata moja ya ulinzi pale. Skauti atamuona vipi?

Simwambii mtu asihame. Nasema ulizeni kredit ngapi zinapokelewa, kwa maandishi, kabla ya kuuliza habari za NFL. Uhandisi ndiyo mbaya zaidi kwa kuhamisha masomo.

kocha_wa_jioni
Mama pole sana, na asante. Mjomba soma hiyo mara mbili. Na huyo wakala anayejuana na kocha, kama ameomba hata dola moja ya video au ya kumuunganisha na watu, mwondoeni. Dogo atume filamu zake mwenyewe.

MjombaTwinCities
Ameomba dola 1,500 za "kumtangaza". Dada alikuwa ameshakubali kutoa nusu. Nampigia sasa hivi.

mama_wa_wawili_TX
Mpigie!

nesi_wa_usiku
Mbona hakuna anayezungumzia kichwa? Mimi ni muuguzi. Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Boston walitoa matokeo ya ubongo wa wachezaji 111 waliopita NFL, na 110 walikutwa na ule ugonjwa wa CTE unaotokana na kugongwa gongwa. Mtoto ana uhandisi mkononi, mnabishana mikono inchi ngapi.

KisumuColumbus
Hizo bongo zilitolewa na familia zilizokuwa tayari zimeona dalili, kwa hiyo usiseme ni kila mchezaji. Watafiti wenyewe walisema hivyo.

nesi_wa_usiku
Najua walisema. Na mimi sijasema kila mchezaji. Lakini hata ukitoa nusu bado ni wengi mno kwangu. Nimehudumia wagonjwa wa kumbukumbu, sitaki kijana wa mtu yeyote afike pale. Muulizeni dogo amepata mtikiso wa ubongo mara ngapi, na muulizeni akiwa peke yake bila kocha.

MjombaTwinCities
Mara moja hai skuli. Ninayoijua mimi ni hiyo, nitamuuliza tena.

Mbagala_Dallas
Naona mnaongea kama vile mtu mweusi kutoka kwetu hajawahi kufika. Mathias Kiwanuka je? Mjukuu wa Benedicto Kiwanuka waziri mkuu wa Uganda, alicheza difensi endi hiyo hiyo Boston College, 2006 New York Giants wakamchukua raundi ya kwanza namba 32, akapata pete mbili za Super Bowl, fainali ya NFL. Na kwenye kikapu sisi tuna Hasheem Thabeet, namba 2 mwaka 2009 kutoka Connecticut. Mpeni dogo moyo bwana.

KisumuColumbus
Kiwanuka sawa, heshima yake. Lakini Hasheem ndiye mfano wa ninachosema, alichaguliwa kabla ya James Harden na Stephen Curry halafu hakukaa. Kuchaguliwa siyo kufika.

Mbagala_Dallas
Usimguse Hasheem. Mtoto ameanza kikapu akiwa mkubwa, Dar, viwanja vya saruji, ndani ya miaka michache yuko namba 2 kwenye drafti ya NBA. Unataka afanye nini zaidi? Kwetu sisi amefika. Nilikuwa nimekaa na baba usiku ule hatukulala. Nyinyi Kenya mna Daniel Adongo, alitoka raga akaenda Indianapolis Colts 2013, akacheza mechi za kuhesabu, na sijawahi kusikia Mtanzania anamsema vibaya.

KisumuColumbus
Sikumsema vibaya aki. Hata Adongo tulimshangilia sana na alikuwa Colts pamoja na huyo huyo Mathis. Ninachouliza ni dogo anataka nini, kuvaa jezi siku moja ama kuishi kwa hiyo kazi? Mshahara wa chini wa mchezaji mgeni 2025 ulikuwa dola 840,000 kwa msimu, lakini hiyo ni ukibaki kwenye wale 53. Ukikatwa ukawekwa kikosi cha mazoezi mwaka huo ilikuwa dola 13,000 kwa wiki na wanaweza kukuondoa Jumanne yoyote. Pensheni mpaka uwe na misimu mitatu inayohesabiwa.

LubumbashiLouisville
Dola 13,000 kwa wiki na unaita hiyo kukosa? Miye nabeba masanduku mu ghala usiku kucha.

kocha_wa_jioni
Turudi kwenye mada. Mjomba, ushauri wangu mimi: msimu mmoja zaidi pale alipo, aongeze pauni 15 za misuli bila kupoteza kasi, afanye saki 10, kisha aone. Akihama sasa aende tu kama wameonyesha kwamba nafasi iko wazi, yaani waliocheza namba yake wanaondoka. Aangalie rosta yao (orodha ya wachezaji), umri wa kila difensi endi, siyo maneno ya simu. Tena apendelee chuo cha katikati kuliko jina kubwa. Khalil Mack alitoka Buffalo na akachukuliwa namba 5 mwaka 2014.

LubumbashiLouisville
Msimu mmoja zaidi ndiyo goti linakatika. Bado nasema ahame.

mama_wa_wawili_TX
Goti halichagui chuo ndugu yangu.

MjombaTwinCities
Wakuu nawashukuru wote. Dada hajatoa zile hela. Dogo anakuja kwangu Jumapili tutakaa. Anasema kwenye ile rosta kuna difensi endi saba, wawili tu ndio wanamaliza. Kredit ameandika barua pepe kuuliza, hawajajibu. Mtikiso ni mara mbili siyo moja, ya pili ilikuwa mazoezini mwaka jana na hakumwambia mtu, hilo limenisumbua sana. Mkono nimempima jana, inchi 31.

kocha_wa_jioni
31? Ulianzia wapi kupima?

MjombaTwinCities
Kwapani mpaka ncha ya kidole cha kati.

kocha_wa_jioni
Siyo kwapani. Unaanzia juu, kwenye mfupa wa bega. Rudia Jumapili. Na huo mtikiso wa pili aende kwa daktari kabla ya mazoezi, hilo halingoji Jumapili.

pembeni_ya_ziwa
Samahani kuingilia, kijana wangu ni mpiga mateke yuko Division II Michigan, yadi 52 anaweka bila shida. Wanaangalia nini kwa wapiga mateke? Na yeye ahame?

kocha_wa_jioni
Yadi 52 kwenye mechi au mazoezini?