dict, defaultdict au Counter: ipi inafaa kujumlisha mauzo?

tarakilishi87
Wakuu, nina faili la mauzo, mistari kama elfu 40. Kila mstari una bidhaa na idadi. Nataka jumla ya kila bidhaa kwa Python. `jumla[bidhaa] += idadi` inagoma mstari wa kwanza tu: `KeyError: 'sukari'`. Nitumie ipi kati ya hizo tatu?

mnazi_mkavu
Inagoma kwa sababu `+=` husoma thamani ya zamani kwanza, na ufunguo 'sukari' bado haumo. Kwa dict ya kawaida (kamusi ya Python, kila ufunguo na thamani yake):

`jumla[bidhaa] = jumla.get(bidhaa, 0) + idadi`

Inatosha kabisa.

kibwebwe
Mimi ningechukua `defaultdict(int)`, dict inayoanzisha yenyewe ufunguo mpya kwa 0; mstari wako unabaki ulivyo. Andika `int` bila mabano. Ukiweka `int()` umeipa 0 badala ya kitu cha kuitwa, nayo inarudisha TypeError. Ukitaka orodha ya risiti kwa kila bidhaa, `defaultdict(list)`.

mnazi_mkavu
Ina mtego lakini: kusoma tu kunaingiza ufunguo. Andika `if jumla["unga"] > 0:` wakati unga haujauzwa, na tayari unga umo ndani ukiwa na 0, `len(jumla)` imepanda moja. Ukiyafanya hayo ndani ya `for` inayopitia jumla hiyohiyo, unakula RuntimeError. Uliza kwa `"unga" in jumla`, au kwa `.get`, ambayo haiingizi kitu.

mzee_wa_mabano
Kazi hii ni ya Counter, dict iliyotengenezwa kwa kuhesabia. Ukiuliza kisichokuwemo inajibu 0 bila kukiingiza, na `jumla.most_common(5)` inakupa tano zinazoongoza. Jihadhari na `update`: ya dict hufuta thamani ya zamani na kuweka mpya, ya Counter hujumlisha. Kubwa zaidi ni kutoa. Stoo ina sukari 10, daftari linasema zimeuzwa 12. `stoo - mauzo` hutupa sifuri na hasi zote, kwa hiyo sukari haionekani kabisa kwenye jibu. `stoo.subtract(mauzo)` inaacha -2. Kwa mwenye duka, hiyo -2 ndiyo habari yenyewe.

tarakilishi87
Nimeweka Counter, imekubali. Ila "Sukari" na "sukari" zinatoka mara mbili.

kibwebwe
Ufunguo hulinganishwa herufi kwa herufi mkuu, hata nafasi ya mwishoni inahesabika. Pitisha `bidhaa.strip().lower()` kabla ya kujumlisha. Na kama kuna bidhaa zenye namba mfano 00415, ziache ziwe maandishi. `int` inazila sifuri za mbele.