Simu za Sprint hazina mahali pa laini, na kampuni ilishaungana na T-Mobile. Nifanyeje?

DukaKawangware

Hamjambo wadau. Nina duka dogo la simu na M-Pesa hapa Kawangware, karibu na steji ya 46. Binamu yangu anaishi Dallas, na mwezi uliopita alinitumia katoni ya simu za mtumba, jumla 9, alizonunua kwa mpigo kutoka kwa mtu aliyekuwa anafunga stoo. Mzigo na ushuru nimelipa kwa akiba ya duka, kwa hivyo kwangu hili si jambo dogo.

Simu 5 zimekubali laini bila shida na 2 nimeshauza. Shida ni hizi 4 zilizobaki. Tatu zina nembo ya Sprint, kampuni ya simu ya Marekani, na hazina mahali pa kuingiza laini kabisa. Nimefungua kifuniko, nikatoa betri, nikamulika na tochi kila pembe. Hakuna. Ya nne ni Motorola ya kukunja, nzito, ina kitufe kikubwa ubavuni na jina la Nextel, kampuni nyingine ya huko. Hiyo mahali pa laini pako, lakini nikiweka ya Safaricom inakataa, nikiweka ya Airtel inakataa.

Nilipompigia binamu, akaniambia nisiwe na wasiwasi. Sprint ilichukua Nextel, kisha T-Mobile ikachukua Sprint, na T-Mobile ni GSM, aina ya mtandao tunaotumia hata sisi. Kwa hivyo kwa maoni yake simu hizo zote siku hizi ni za GSM na fundi wangu ndiye hajui kazi. Fundi naye, yuko barabara ya Luthuli mjini, anataka 800 kwa kila simu ili "azifungue".

Je, kampuni zikiungana, simu nazo haziungani? Na kama haziungani, wale wateja wao walifanyiwa nini? Nisaidieni kabla sijatoa hiyo pesa.

Kijana_wa_Rongai

Usimpe fundi hata ndururu. Simu isiyo na mahali pa laini haifunguliki, hata aichemshe. Hiyo ni teknolojia tofauti. Nadhani ndiyo shida ile ile iliyofanya Airtel na Telkom washindwe kuungana.

MpandaMinara

Dada, kijana amekwambia kweli kuhusu fundi. Kuhusu Airtel na Telkom hapana. Zote mbili ni GSM, tangu Telkom ilipoingia kwenye simu za mkononi kwa jina la Orange mwaka 2008. Mpango wao ulitangazwa Februari 2019 ukaachwa Agosti 2020, lakini si kwamba simu ya huku haingesikia mnara wa kule. Mfano wetu mzuri ni yu, mtandao wa simu uliokuwa hapa Kenya. Ilipouzwa 2014, wateja walienda Airtel, minara na mitambo ikaenda Safaricom. Mwenye nambari yake ya 0750 alibaki na simu ile ile mkononi, hata kama ilikuwa mulika mwizi. Kampuni ilikatwa vipande viwili na simu haikujua.

Nimefanya kazi ya minara miaka 11, kupanda, kufunga antena, kuvuta nyaya, kutoka Kitengela hadi Githurai. Naomba nikueleze polepole, kwa sababu watu wengi wanapoteza pesa hapa.

Simu ni redio, na redio imeundwa kiwandani isikie kwa namna fulani. GSM huchukua mkondo mmoja wa masafa ikaukata zamu 8. Fikiria mfereji mmoja wa maji na watu 8 wenye mitungi. Kila mmoja anakinga kidogo, anapisha mwenzake, anarudi tena, upesi kiasi kwamba hakuna anayehisi alisubiri. Kuna namna nyingine, CDMA, ambayo haina foleni. Wote wanasema kwa wakati mmoja juu ya masafa yale yale, kila mmoja na msimbo wake. Ni kama Gikomba asubuhi: wachuuzi wote wanaita bei pamoja, lakini kama ulienda na mamako, sikio lako linaichomoa sauti yake katikati ya kelele zote. Sprint ilikuwa CDMA, kwenye masafa ya megahezi 1900. Nextel ilikuwa na kitu cha tatu, iDEN, mtambo wa Motorola. Hiyo nayo ilikata zamu, ila kwa vipimo vyake yenyewe na kwenye masafa ya 800. Ukiiweka simu ya mmoja chini ya mnara wa mwingine, inachosikia ni mvumo tu.

Laini je? Marekani, kampuni za CDMA zilikaa miaka mingi bila laini. Nambari ya mteja iliandikwa ndani ya simu yenyewe, na kampuni ikaweka utambulisho wa kifaa kwenye orodha yake. Ndiyo maana ulimulika na tochi usione kitu.

Sasa hao wateja. Agosti 2005 Sprint ilikamilisha kuichukua Nextel, kwa takriban dola bilioni 35. Wateja wengi wa Nextel walikuwa watu wa mjengo na madereva, na walikipenda hicho kitufe unachokiona ubavuni. Unakibonyeza, unasema, mwenzako anasikia papo hapo, kama redio ya polisi. CDMA ya Sprint haikuwa na kitu cha kukifikia kwa wepesi ule. Huwezi kumnyang'anya msimamizi wa mjengo kitufe chake ukampa simu mpya ukategemea atashukuru, kwa hivyo mitandao miwili ikabidi isimame sambamba. Walifika hadi kutengeneza simu zenye redio mbili ndani, maongezi ya kawaida yakipita CDMA na kitufe kikipita iDEN. Wateja wakaendelea kuhama. Mwanzoni mwa 2008 kampuni ikafuta kwenye vitabu vyake karibu dola bilioni 30, sehemu kubwa ya kile ilichonunulia. iDEN ilikuja kuzimwa 30 Juni 2013. Hesabu miaka hapo katikati.

Gharama ya mitandao miwili naijua kwa mgongo wangu. Kila mtandao una kabati lake, betri zake, antena zake, na zile nyaya nene za kupandisha juu. Mwenye nyumba akiona mzigo umeongezeka juu ya paa, anapandisha kodi. Stima ikipotea, jenereta inakunywa dizeli ya makabati mawili.

Na kubadilisha mitambo si mchezo hata ndani ya teknolojia moja. Usiku mmoja tulikuwa juu ya ghorofa ya 6 huko Pipeline, tunatoa mitambo ya GSM ya mtengenezaji mmoja tuweke ya mwingine. Tulipewa kuanzia saa 6 usiku hadi saa 10 alfajiri. Kiunganishi cha waya mmoja kilikuwa kimeingia maji, kijani ndani kama sarafu ya zamani, tukachelewa. Saa 11 kasorobo mama mmoja akapanda ngazi zote hadi juu, amejifunga leso, ameshika simu isiyo na mtandao. Alikuwa muuza maziwa. Gari lilikuwa chini na dereva hateremshi hata mtungi mmoja kabla pesa haijaingia. Akaniuliza kwa upole, "Mwanangu, inarudi saa ngapi?" Sikuwa na jibu. Tulichanga pesa taslimu sisi wanne tukampa, akaturudishia kwa M-Pesa mtandao ulipokaa sawa. Huo ulikuwa mnara mmoja, GSM kwa GSM, na simu za wakazi hazikuguswa. Sprint walikuwa na maelfu ya minara, na juu yake kila mteja wa Nextel alitakiwa aiache simu yake.

T-Mobile ilipita njia nyingine, na hapa naipa heshima. Mei 2013 iliungana na MetroPCS, ambayo ilikuwa CDMA na wateja kama milioni 9. Haikuhangaika kuioanisha mitambo. Wateja wale walilipia kabla na walizoea kubadilisha simu mara kwa mara, kwa hivyo kila aliyeingia dukani kununua nyingine aliuziwa inayosikia minara ya T-Mobile. Masafa yalipoachwa wazi yakapewa LTE, yaani 4G. Kufika 2015 CDMA ile ikazimwa. Waliifuata kasi ya mteja.

Sprint yenyewe ilijiunga na T-Mobile 1 Aprili 2020. Wakati huo pande zote mbili zilikuwa na LTE, kwa hivyo simu mpya zilielewana. Zile za zamani hazikuwa na bahati, CDMA ya Sprint ikazimwa 2022. Maana yake, dada, hizo simu 3 hata Dallas kwa binamu yako hazina mnara wa kuongea nao. Aliyefunga stoo huenda alilijua hilo.

Toa betri tena usome kibandiko. Ukiona nambari ya utambulisho ya ESN au MEID peke yake, hiyo ni CDMA na hakuna fundi atakayeibadilisha. Utuambie umeona nini.

MzeeWaNgara

Binti yangu, hata sisi hapa CDMA tuliionja. Kabla GSM haijaenea kila kona, kulikuwa na zile simu za nyumbani zisizo na waya, umbo la simu ya mezani lakini zina antena. Nilikuwa na moja kwenye kibanda changu Ngara. Watu walipanga foleni Jumapili jioni kupigia wazazi Kakamega na Machakos, nami nilikuwa na saa ya ukutani ya kuhesabu dakika. Ilikuwa na sauti safi kuliko simu yoyote niliyoshika baadaye.

Kampuni sitaitaja. Siku moja iliamka ikiwa kimya. Nilidhani betri. Nilikwenda ofisini kwao mara 3, mara ya tatu ndipo kijana mmoja akaniambia mtambo wa upande wetu umezimwa na sasa wanauza za laini. Simu yangu niliinunua kwa pesa zangu. Hakuna aliyeniuliza nitafanya nini nayo, wala hakuna aliyenipunguzia bei ya hiyo nyingine.

Ninaposoma hayo ya mabilioni ya dola, mimi nawaza wale wenye simu mkononi. Anayetaka kuunganisha kampuni mbili aanze kuulizwa hapo, simu za watu zitafanywaje na nani atalipa. Kiini cha hesabu zao hakipo kwenye minara, kipo mifukoni mwetu.

DukaKawangware

Mzee wangu, pole sana. Nimesoma hiyo ya kwenda ofisini mara 3 nikamkumbuka marehemu baba.

MpandaMinara, nimesoma vibandiko. Zile 3 za Sprint: moja imeandikwa ESN, mbili zimeandikwa MEID. Lakini ile ya Nextel imeandikwa IMEI na tarakimu 15 kabisa, kama Nokia zetu. Na ina mahali pa laini. Hiyo si ni GSM? Nimepata matumaini kidogo.

MpandaMinara

Natamani ningekubali. iDEN ilitumia laini yake yenyewe na ilikuwa na IMEI. Umbo la laini linafanana na letu, ndiyo maana ya Safaricom iliingia vizuri. Redio iliyomo ndani inatafuta mnara wa iDEN, na minara hiyo ilizimwa 2013. Kulikuwa na Nextel chache zilizoundwa na GSM ndani yake, lakini hizo ni za kubahatisha, na yako ingekuwa mojawapo ingeonyesha angalau jina la mtandao baada ya kutafuta.

Katika zile 3, kuna yenye skrini ya kugusa? Kama ipo na ina waifai, itasoma intaneti ya nyumbani na kucheza video bila laini. Mwambie mnunuzi wazi kwamba haipigi simu, umuuzie kwa bei hiyo. Zilizobaki ni spika, maiki na vioo.

Kuhusu katoni nyingine, usimtegemee binamu kwa majina ya kampuni. Hata simu ya GSM ya Marekani inaweza kukusumbua ikiwa ni ya zamani, kwani kule walitumia masafa ya 850 na 1900, na sisi GSM yetu ni 900 na 1800, na 3G iko 2100. Simu ya masafa manne inakubali kote. Isiyo na hayo manne usiilipie ushuru.

Kijana_wa_Rongai

Nimekubali sahihisho la Telkom, mkubwa. Nilikuwa na laini ya yu chuoni na sijawahi kujiuliza kwa nini simu haikusumbua siku ile.

DukaKawangware

Asanteni. Moja ni ya kugusa na waifai imeshika, nimempa jirani aonyeshe watoto katuni kwa 1,500 na nimemwandikia kwenye risiti kwamba haipigi simu. Fundi wa Luthuli nilimwonyesha kibandiko cha MEID, akanyamaza kidogo, kisha akasema atanunua hizo mbili kwa 200 kila moja, za vipuri. Nimekubali.

Binamu nimemtumia picha za vibandiko vyote 4 na masafa manne nimemwandikia moja moja. Amesema katoni ijayo atapiga picha ndani ya kila simu, betri ikiwa nje, kabla hajalipa. Nusu ya gharama ya mzigo huu atanirudishia mwisho wa mwezi. Ile Motorola ya kitufe bado iko kwenye kabati la kioo. Mteja mmoja wa mjengo hapa Kawangware anapita kila jioni kuibonyeza, anasema kazini kwao wangeihitaji sana.