Bomba linabonyea kwenye kona: naomba ushauri

Ndugu mafundi, nawasalimu kutoka Goma. Mteja wa mtaa wa Himbi anataka geti lenye mapambo ya kujikunja, tena yawe ya bomba, si ya nondo. Bomba nililopata Birere ni jeusi, kipenyo milimita 25, unene milimita 1.5, lina mshono (mstari wa kulehemu unaopita urefu wote wa bomba). (La zinki nimelikataa, moshi wake ukilipasha unaleta homa.) Kona ninayotaka ina nusukipenyo cha sentimita 8 hivi.

Najaza mchanga laini nilioukausha juu ya bati la moto, maana mchanga wenye maji ukifungiwa ndani, mvuke unarusha kizibo kama risasi. Naligongagonga bomba mpaka mchanga ushuke kabisa, naziba ncha zote mbili kwa vigingi vya mti, napasha mpaka rangi ya chungwa, kisha nalizungusha kwenye kalibu (umbo la kukunjia). Bado mgongo wa nje unalala bapa na upande wa ndani unafanya makunyanzi. Nikipasha kipande kirefu ndiyo balaa: linakunjika kwa pembe kali pale penye moto zaidi. Kumwagia maji upande wa ndani kumesaidia kidogo tu.

Mwenzangu hapa karakana anasema mshono ukae ndani ya kona. Mimi naona ubavuni, kwani huko chuma hakivutwi wala hakisongwi sana. Nyinyi mnauweka wapi?

La pili: kwa kona hiyo, milimita 1.5 inawezekana kweli, au nimwambie mteja aongeze pesa tununue la milimita 3?