Upanga wa babu kutoka Burma: nitajuaje bapa lake ni la aina gani?

Mjukuu_wa_Keya
Wakuu, heshima kwenu. Babu mzaa mama alikuwa Keya, yaani askari wa King's African Rifles (KAR) la Waingereza, akapigana Burma mwaka 1944 na Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki iliyoteremka Bonde la Kabaw hadi Kalewa. Alirudi na upanga wa Kijapani, na sasa bibi amenikabidhi mimi. Mpini una ngozi ya samaki taa iliyozungushiwa utepe wa kahawia, shaba yake ina maua ya mcheri, ala ni ya chuma. Kwenye makali kuna mstari mweupe wa mawimbi. Mjomba anasema ni wa kisamurai, wa kale mno. Jirani anasema ni wa kiwandani. Siuzi, nataka tujue tulicho nacho.

Fundi_Chuma
Hongera kwa kuutunza, mkuu. Uliyotaja karibu yote ni mavazi ya upanga. Yanaonyesha ni shin-gunto, yaani upanga wa kijeshi, wa ofisa wa jeshi la nchi kavu, mtindo ulioanza 1934 na kurekebishwa 1938. Wa masajini, mtindo wa 1935, ungekuwa na mpini wa aluminiamu au shaba ya kusubu, na bapa lenye mfereji na namba karibu na mpini. Lakini ofisa alijinunulia upanga wake, na wengine walivalisha bapa la ukoo mavazi ya kijeshi. Jibu liko kwenye msuka, ile sehemu ya bapa iliyofichwa ndani ya mpini.

Kisu_Kikali
Fungua, piga msasa kutu yote, maandishi yatasomeka vizuri.

Fundi_Chuma
Tafadhali usifanye hivyo! Rangi ya kutu ya msuka ndiyo inayosaidia kukadiria umri, na ukiiondoa hairudi. Sukuma kijiti cha mianzi kinachoshikilia bapa ndani ya mpini, kutokea upande wake mwembamba. Kisha simamisha upanga ncha juu, umeinama kidogo, shika mwisho wa mpini kwa mkono wa kushoto na ugonge ngumi hiyo kwa ya kulia. Bapa litalegea polepole.
Tafuta chapa ndogo. Nyota ni ya wahunzi walioidhinishwa na jeshi, waliofua kwa chuma cha asili na kuchovya kwenye maji. Chapa ya "Sho" au "Seki" kwa kawaida ni showato: chuma cha kisasa, mara nyingi kimechovywa kwenye mafuta. Ukikuta "Koa Isshin", ni la kampuni ya Reli ya Manchuria Kusini. Matundu zaidi ya moja kwenye msuka yanaweza kumaanisha bapa la zamani lililofupishwa.

Mjukuu_wa_Keya
Limetoka. Tundu moja, saini upande mmoja, chapa ndogo juu yake. Picha hizi hapa.

Dada_Nagoya
Nasoma Kijapani. Chapa ni "Seki", mji wa wahunzi mkoani Gifu. Upande wa pili ni Showa 17, yaani mwaka wa 17 wa enzi ya Showa katika kalenda ya Kijapani. Ongeza 1925, unapata 1942. Basi ni showato, kaka.

Fundi_Chuma
Nakubaliana naye. Bapa lipake mafuta mepesi ya cherehani, msuka uuache ulivyo.

Mjukuu_wa_Keya
Asanteni sana, nitamweleza mjomba. Je, niupeleke Japani ukanolewe?

Dada_Nagoya
Hapana. Sheria ya huku Japani husajili panga zilizofuliwa kwa njia ya asili tu. Showato haisajiliki, na polisi wanaweza kuuchukua usiupate tena.