Moto wa kiangazi mpakani mwa msitu wa Menengai: tuajiri nani?

Katibu wa Mtaa
Habari zenu. Chama chetu cha wakazi kina nyumba 64 chini ya mteremko wa Menengai, hapa Nakuru, na ua wa juu unapakana na mikaratusi ya msitu. Kiangazi kilichopita moto ulifika mita chache kutoka uani, saa nane mchana, wakati mabawabu wetu wawili wa usiku wako makwao na mtunza bustani yuko peke yake. Wakazi waliuzima kwa matawi mabichi na ndoo. Kamati sasa inataka kuajiri walinzi wengine wawili wa mwaka mzima, ilhali mchango wa kila mwezi hautoshi. Wenzangu mmefanyaje?

Mstaafu wa Misitu
Poleni sana. Moto hupanda mlima haraka kuliko unavyoshuka, na kila mwinuko unapoongezeka kwa nyuzi 10, mwendo wake huwa takriban maradufu. Kwa kuwa mko chini, ninachohofia zaidi ni magome ya mikaratusi, ambayo upepo huyabeba yakiwa yanawaka na kuyaangusha kwenye mifereji ya paa iliyojaa majani makavu. Fedha hizo ziwekeni kwa vibarua wa Desemba, wafyeke na kuparua ukanda kando ya ua hadi udongo uonekane, wasafishe mapaa, kisha warudi kila wiki mpaka masika yaanze. Upande wa msitu msikate hata tawi kabla ya kuzungumza na ofisi ya Huduma ya Misitu. Sheria ya misitu ya 2016 inawapa majirani wa msitu nafasi ya kushiriki kupitia vyama vya jamii, na huko ndiko mtakakopata watu wanaozijua njia za mlimani.

Mweka Hazina, Kiamunyi
Mzee wangu, nakubaliana nawe kuhusu ukanda, lakini kibarua wa siku moja kwa wiki hatauona moshi wa Jumanne. Katibu, moto wenu ulizuka mchana na walinzi wenu ni wa usiku. Kuanzia Januari hadi Machi mhamishieni mmoja zamu ya mchana, na mshahara utabaki ule ule. Mpeni maagizo kwa maandishi: apigie zimamoto wa kaunti kwanza, afungue lango, kisha abishe hodi kila nyumba, asitumwe msituni kupambana na moto, kwani hakufunzwa kazi hiyo. Sheria ya Fidia za Majeraha Kazini ya 2007 inamtaka mwajiri awakatie wafanyakazi wake bima, kwa hiyo iulizeni kampuni yenu kama vibarua nao wamo. Tena pimeni lango. Sisi tuligundua kwamba gari la zimamoto lisingepita chini ya upinde wetu, tukaubomoa.

Katibu wa Mtaa
Nawashukuru kwa dhati. Lango nitalipima kesho. Kuna wenye nyumba za safu ya chini wanaokataa kuchangia ukanda, wakisema hawapakani na msitu.

Mstaafu wa Misitu
Watembezeni wakaone magome yaliyoangukia mapaa yao.