Swichi ya joto ya feni ya umeme: chini ya rejeta, mpira wa juu au kwenye hedi (kichwa cha injini)?

Mchungwa109
Wakuu habari za jioni. Nina Land Rover 109 ya petroli, injini 2.25, inabeba machungwa ya Muheza kushusha Ngamiani. Mwezi uliopita panga moja la feni lilikatika nikiwa Pongwe, likachana rejeta. Nilisikia kama mtu kapiga debe kwa nyundo. Rejeta imeshachomelewa, na sitaki tena feni ya mkanda; nimepata ya umeme, mtumba, pamoja na kava lake. Mkanda wenyewe umebaki maana ndio unaozungusha pampu ya maji na alternata.

Sasa swichi ya joto ya kuiwasha feni ikae wapi? Fundi wa rejeta anataka kutoboa tangi la chini achomelee nati ya shaba. Fundi umeme anasema mpira wa juu, ule unaoleta maji ya moto kutoka kwenye injini. Jirani yangu anasema nichomeke tu sensa katikati ya mapezi ya rejeta, nusu saa kazi imekwisha. Themostati yangu (kile kizibo kinachofunguka kwa joto na kuruhusu maji yaende kwenye rejeta) ni ya nyuzi 82.

FundiChumbageni
Pole sana mkuu. La jirani lifute kwanza. Sensa ya kuchomeka inasoma mapezi, haisomi maji, na kwa mtikisiko wa njia ya Amani itasugua mrija kidogo kidogo hadi itoboe.

Kura yangu ni chini. Maji ya chini ndiyo yanayorudi kwenye injini. Yakiwa yamepoa, feni ya nini? Ukitembea 60 upepo wenyewe unatosha. Gari nyingi za Ulaya zimetoka kiwandani hivyo. Ila usichukue swichi ya 92 ukaiweka chini kwenye gari lako. Maji yakipita kwenye rejeta hushuka nyuzi kadhaa, hata 10. Mpaka chini pafike 92, juu pameshavuka 100. Chini tafuta ya 82 hivi.

Nahodha_Raskazone
Fundi hapo nakupinga. Mimi chini paliniponza. Napandisha Mombo kwenda Lushoto, gari limejaa, gia ya pili muda wote, nafika Soni geji iko kwenye nyekundu na feni kimya! Nagusa mpira wa chini, baridi kama mtungi. Themostati ilikuwa imekwama imefungwa, swichi ya chini itajuaje? Weka juu.

FundiChumbageni
Nahodha, kama themostati imefungwa, mpira wa juu nao haupati maji ya moto, si uko mbele ya themostati? Na hata feni ingezunguka ingepoza maji yaliyolala ndani ya rejeta. Feni haikuwa na kosa siku ile.

Nahodha_Raskazone
Hapo umenipata 😀. Basi nibaki na hoja hii: juu inasoma maji yanapotoka tu kwenye injini, kwa hiyo feni inawahi. Kwa mtu anayesimama sokoni na mzigo baada ya safari, hizo dakika mbili ni kitu. Na swichi zilizojaa madukani ni za kuwasha 92 kuzima 87, au kuwasha 95 kuzima 90. Hizo ni za juu.

MzeeWaPangani
Vijana, mnasahau hedi, kando ya sensa ya geji. Pale inasoma injini yenyewe, themostati ifunguke isifunguke. Mimi ndivyo nilivyofanya. Sharti lake moja: swichi iipite themostati kwa nyuzi kama 10. Fundi wangu wa kwanza aliweka swichi ya 82 wakati themostati nayo ni ya 82, feni ikawa haizimi kuanzia asubuhi mpaka nalala.

Mchungwa109
Shikamoo mzee. Kutoboa kwenye hedi naogopa, chuma cha zamani kile.

MzeeWaPangani
Marahaba. Ukiogopa usitoboe. Kikipasuka utanikumbuka vibaya.

MamaKirikuu
Anayechagua mpira wa juu anisikilize. Unakata mpira, katikati unatia kipande cha bomba la alumini chenye tundu la swichi, klipu huku na huku. Sasa bomba lile limeshikwa na mpira pande zote mbili, halina ethi, yaani halijaungana na bodi! Swichi ya pini moja haitafanya kazi hata maji yachemke. Funga waya kutoka kwenye bomba hadi kwenye bodi, au nunua swichi ya pini mbili. Na ya pini moja usiizungushie tepu ya mabomba nyingi kwenye meno, nayo inaikata ethi.

Lingine: swichi ielekee chini. Maji yakipungua, juu ndiko kunakokauka kwanza, na swichi ikibaki kwenye mvuke inasoma uongo. Feni isipite kwenye swichi moja kwa moja. Weka rilei (swichi inayobeba umeme mkubwa wa feni) na fyuzi, vinginevyo swichi itaungua mwezi huu huu. Hewa yetu ya chumvi nayo haina huruma na viungio, paka grisi.

FundiChumbageni
Na kama swichi ni ya mtumba kutoka Toyota, ipime kwanza. Nyingi ziko kinyume: zikiwa baridi zinaunganisha, zikifika 93 hivi zinakata. Wenyewe walitaka waya ukikatika njiani feni izunguke tu.

Mchungwa109
Fundi, Mungu akuweke. Swichi niliyouziwa ni ya Corolla. Nimeifunga kwa uzi, nikaining'iniza ndani ya sufuria isiguse kitako, kipimajoto pembeni, tester kwenye pini. Baridi inalia piiii. Themanini, inalia. Tisini, inalia. Ilipofika 93, kimya. Nimezima jiko, maji yaliposhuka 83 ikaanza tena. Mke wangu anauliza ile ni chai ya nani.

Nimeirudisha, nikapata ya 92/87 ya pini mbili. Nimeiweka mpira wa juu, inatazama chini, pamoja na rilei na fyuzi ya ampea 30. Na chini ya dashibodi nimeweka swichi ya mkono, siku ya siku niiwashe mwenyewe.

MamaKirikuu
Hongera. Umeangalia upepo unaenda wapi? Feni ya nyuma ya rejeta inatakiwa ivute. Waya zikigeuzwa inasukuma kuelekea mbele, na ukitembea inapigana na upepo wa barabara.

Mchungwa109
Nimesimama Barabara ya 12, injini inanguruma. Dakika kama sita feni imewaka yenyewe. Nimeweka karatasi ya daftari la mtoto mbele ya rejeta, imenata pale pale.