Bastola ikishakugomea bila sababu, unaiaminije tena? Tupeane uzoefu

Wakuu, habari za jioni.

Nafanya biashara ya ng'ombe, Jumamosi nyingi mtanikuta mnada wa Msalato. Nina bastola ya 9mm, leseni ipo. Majuzi kwenye shabaha risasi ya kwanza ilitoka vizuri, ya pili ganda tupu likabanwa pale dirishani linapotokea, limesimama wima kama mshumaa. Nikachomoa magazini, kile kisanduku cha risasi, nikavuta slaidi, kile chuma cha juu kinachorudi nyuma, likadondoka. Zilizofuata zote zikaenda. Fundi kaifungua, kaangalia springi na kile kikucha kinachovuta ganda, anasema nzima. Sasa kama ni nzima, iligoma kwa nini? Waliopitia hili walete maneno. Wale wa "silaha ya nini, mwamini Mungu", leo mtupishe.

Mdau wa mahindi, Kibaigwa: Anza na magazini mkuu. Yangu moja ilianguka kwenye zege, midomo yake inayoshika risasi ikatanuka kidogo sana, kwa macho huoni. Ziandike namba kwa rangi ya kucha, kila moja ipige peke yake. Tatizo likiifuata namba 2, kesi imeisha, itupe.

Mzee mstaafu, Nkuhungu: Mkono, vijana! Kiganja kikilegea, slaidi hairudi nyuma ya kutosha na ganda linanaswa. Hilo fundi hawezi kulikuta mezani. Mwombe mwalimu wa shabaha aipige hapohapo mbele yako, kwa risasi hizohizo. Ikimtii yeye, basi jibu unalo. Na siku ukivuta triga ikakaa kimya, usiigeuze kuichungulia! Iache ielekee kwenye tuta, hesabu taratibu hadi 30 ndipo ufungue. Kuna baruti inayochelewa kuwaka.

Mama vipuri, Singida: Shikamoo mzee. Kwangu ilikuwa mafuta. Aliyeniuzia alisisitiza niipake mengi, na upepo wa huku kiangazi mnaujua. Vumbi likagandia humo ndani likawa uji mweusi. Nilipoifuta ikabaki unyevu tu, haijagoma tena.

Mdau wa Bahi: Nasoma Wamarekani wanapiga risasi 200 mfululizo bila kukwama ndipo wanaiamini upya. Sisi tunaonunua kwa leseni, na kwa bei hizi, tutazitoa wapi? Mimi nilibadili springi, nikabadili risasi za zamani, nikamaliza boksi la 50 safi kabisa. Sababu sikuipata mpaka leo, na moyo uligoma kuirudia. Iko sefuni. Hela ya mpunga inapita kwenye simu.

Mleta uzi: Mzee, shikamoo ya Singida imekupita hapo juu. Mdau wa Bahi umesema nilichokuwa naogopa kukisema. Magazini nimeshaziandika namba, na mpaka nijue ni ipi au ni mkono wangu, mnadani siendi nayo. Mwenye kumjua fundi mwingine wa silaha, Dodoma au hata Morogoro, anicheki inbox.